Kosa Langu Nililokusamehe

Ndau
19 Februari 2024

Bwana Kiptoo,

Ile pini uliitoa. Nalitanguliza hilo kabla ya salamu, ili hata nikizidiwa katikati ya barua liwe limekwisha kuandikwa.

Sasa assalam aleikum. Mimi ni Famau Bakr, yule mwalimu mstaafu aliyekuwa akiangalia kiwanja cha ndege cha Kiunga. Babake Thuwaiba. Utashangaa kupata barua ya kalamu zama hizi. Simu siiwezi, masikio yamekufa, na anayezungumza na kiziwi husikilizisha mtaa mzima. Niliyo nayo si ya kusikilizwa na nyumba hii. Baada ya arobaini ya mwanangu nilihama Kiunga nikaja Ndau kwa jamaa za marehemu mke wangu, kwa sababu kule kila nilipotoka nje niliona ile soksi ya upepo ya kiwanjani. Figo zimechoka. Daktari alinipa miezi, hakusema mingapi. Anitunzaye ni mjukuu wangu Raiyan, mwana wa Thuwaiba. Nimemwambia namwandikia rafiki wa zamani wa chuo cha ualimu. Yeye ndiye atakayempa nahodha wa boti ya Mtangawanda bahasha hii, na hajui anabeba nini.

Ulitua Jumatano, tarehe 13 Juni 2012, na madaktari na masanduku ya chanjo, ukalala kwetu kwa kuwa kazi haikwisha. Ulifanya kama ulivyofanya kila mwezi. Uliifunga ndege kwenye vigingi vitatu, ukachomeka ile pini yenye kitambaa chekundu kwenye usukani wa ndani usicheze, ukanigeukia mbele ya watu. "Mwalimu, mtu akiigusa ndege yangu, nitampeleka Nairobi amening'inia kwenye bawa." Watu walicheka. Mimi nilicheka kuwashinda, maana nilijiona mlinzi mwenzako.

Alasiri upepo wa kusi ukakaza. Wewe ulikuwa zahanati. Nilipita kiwanjani nikakuta usukani wa mkia, ule uliosimama, unapigwa huku na huku, na kila ukifika mwisho unagonga. Bwana Kiptoo, mimi ni mtu wa visiwani. Huku chombo kikishatiwa nanga, usukani hufungwa, kwani ukiachwa ulegee hujivunja wenyewe. Apitaye akauona umelegea haombi ruhusa. Hufunga akaenda zake, na mwenye chombo akija humwombea dua mtu asiyemjua. Mimi mwenyewe nimefunga sukani za watu tangu sijaota ndevu.

Mfukoni nilikuwa na mshipi wa papa, ule wa nailoni mnene usio na rangi. Niliuzungusha kwenye usukani uliosimama, nikaupitisha kwenye kile kibao kilicholala, kinachoinua pua ya ndege. Mizunguko sita, kisha fundo. Kule kugonga kukakoma. Nilirudi nyumbani na furaha ya mtu aliyetenda wema. Nilijua umekataza, kwa hiyo niliazimia kuja baada ya sala ya alfajiri niufungue, usijue kwamba ni mimi niliyevunja amri.

Alfajiri Thuwaiba alianza kutokwa na damu, na mimba ilikuwa ya miezi saba. Madaktari walisema apelekwe Lamu upesi, na kwa boti asingefika.

Ulikuja mbio, vifungo vya shati havijafungwa. Ulianza kuizunguka ndege ukiipapasa, kama ilivyo desturi yako. Ulikuwa umebakisha hatua nne ufike mkiani. Mimi ndiye niliyekushika mkono nikakugeuza. Nilikwambia, "Hapana wakati, mwanangu. Anakufa huyu. Enda." Ukaenda. Uliketi, ukaichomoa pini ukaitupa chini ya kiti, na kitambaa chake kikabaki kinaning'inia ukingoni. Nilikiona kwa macho yangu nilipokuwa naufunga mlango. Wapelelezi waliposema uliondoka na pini mahali pake, ikachomoka kwa kishindo tu, nami nilikuwapo, nimekaa kwenye benchi pamoja na wafiwa, nilinyamaza.

Mshipi niliukumbuka ndege iliponipita ikikimbia. Jua lilikuwa limechomoza, na kitu kilimeta mkiani. Nilipiga kelele. Uliyaona mengine mwenyewe: pua ikakataa kuinuka, changarawe za njia ya kurukia zikaisha, ukaingia kwenye mtaro na visiki. Muuguzi aliyemsindikiza alitoka na mkono uliovunjika. Thuwaiba hakutoka. Wapelelezi walipofika siku ya tatu hawakuuona mshipi wowote.

Tulimzika siku ile ile. Kesho yake, Ijumaa, nilisimama msikitini baada ya sala nikatangaza kuwa nimemsamehe rubani. Watu walilia. Mpaka leo moyo wangu husimuliwa toka Kiunga hadi Amu, yaani Lamu. Siku ya arobaini ulikuja, mkono umening'inizwa kwa kitambaa, ukaniangukia begani, na mimi nikakupapasa mgongo mbele ya watu wote.

Nilikusamehe, Bwana Kiptoo, kosa langu mimi.

Ramadhani imekaribia, na sitarajii kuiona nyingine. Sikuombi kitu. Nataka tu ujue kuwa mkono wako ulifanya kile ulichokumbuka.

Famau Bakr


Kapsabet
11 Machi 2024

Mwalimu Famau,

Barua yako ililetwa kwenye shule ya udereva ninakofundisha. Niliisoma ndani ya gari la mafunzo huku mwanafunzi akingoja nje. Sikumbuki kama siku hiyo alipata somo.

Acha nikueleze pini ilinifanya nini. Wapelelezi waliponiuliza mara ya kwanza kama niliitoa, nilisema ndiyo. Mara ya pili nikasema nadhani ndiyo. Mara ya nne nikatia sahihi kwamba sikumbuki. Tangu hapo siuamini mkono wangu. Nikifunga mlango wa nyumba narudi kuujaribu. Nikifika barabarani narudi tena. Mke wangu, Valary, husimama dirishani na kuniambia, "Umefunga, baba, mimi ni shahidi." Namwamini, halafu narudi. Jiko la gesi, breki ya gari, taa. Miaka kumi na miwili karibu, Mwalimu. Watoto wangu wanadhani hivyo ndivyo mwanaume anavyotoka nyumbani.

Nina swali. Umeandika kwamba wapelelezi hawakuuona mshipi. Mshipi wa papa hauyeyuki. Baada ya kugonga nilikuwa nimening'inia kwenye mkanda, damu machoni. Nilisikia mkwaruzo nyuma, kama mtu anakata kitu kwa kisu. Niliita, "Nani huyo?" Mkwaruzo ukasimama. Niliita tena. Kisha ukaendelea. Niliwaambia wapelelezi, wakasema ni kichwa kilichogongwa, na nikawaamini wao kuliko masikio yangu.

Ni wewe?

Na usinibebee yote, sitaki. Ulinigeuza hatua nne kabla ya mkia, sawa. Lakini kuna jambo rubani hufanya akiwa ameketi, kabla ya kuondoka. Anauvuta usukani hadi mwisho, anausukuma, anaangalia kama kila kitu kinatii. Ni sekunde tano. Nilifundishwa hivyo, na nimewafundisha wengine hivyo. Siku hiyo sikufanya. Kwa hilo hukunishika mkono. Kama ningevuta mara moja tu, mshipi wako ungeniambia.

Kuna kitu hukijui. Tangu mjukuu wako apate simu, kila mwaka tarehe kumi na nne Juni napata ujumbe kutoka namba moja. "Leo ni tarehe kumi na nne." Basi, hakuna kingine. Mara ya kwanza nilipiga namba ile, sauti ya msichana ikasema ni Raiyan wa Thuwaiba, ikakata. Miaka minne sasa. Sijawahi kujibu. Ningejibu nini?

Leseni siitaki tena, nina miaka arobaini na saba. Sitaki ripoti ibadilishwe. Ninachotaka ni kimoja. Mwambie Raiyan, kwa mdomo wako. Ukikataa, basi umeniandikia ili wewe upunguze mzigo, na mimi nimekubebea vya kutosha.

Kiptoo


Ndau
2 Aprili 2024

Bwana Kiptoo,

Ni mimi.

Nimeandika maneno hayo mawili nikapumzika siku mbili. Mwandiko utauona umepinda, mkono wa kulia unakwenda ukinikimbia.

Nilifika kwenye ndege kabla ya mtu yeyote kwa kuwa nilianza kukimbia kabla haijagonga. Palikuwa na njia mbili. Mlango ulikuwa kushoto, na ndani yake mwanangu. Mkia ulikuwa mbele yangu. Nilikwenda mkiani. Kisu cha kuparia samaki kilikuwa kiunoni. Nilikata mizunguko yote pande mbili, na uliponiita nilisimama, kisha nikaendelea, kwa sababu watu walikuwa wanakuja na nilisikia miguu yao. Sikukujibu kwa kuwa ungeijua sauti yangu. Mshipi niliutia mfukoni. Ndipo nikaenda mlangoni.

Alikuwa hai. Hili sikuliandika katika barua ya kwanza. Alinitazama akasema, "Ulikuwa wapi, Baba?" Hakusema tena.

Sijui kama zile dakika zingemfaa kitu. Madaktari walisema asingepona hata kama angetolewa mara moja. Walisema hivyo kumpoza mzee aliyefiwa, na hawakujua wanampoza nani. Nimefundisha hesabu miaka thelathini na moja, na hesabu ya dakika zile nimeifanya kila siku sipati jibu.

Kuhusu Raiyan, hapana. Nisikilize kabla hujakasirika. Alikuwa na miaka sita. Babake alioa tena akahamia Mombasa. Nimemlea mimi na bibi yake, na bibi alipokufa nimemlea peke yangu, sasa amegeuka ananilea yeye. Ananikata kucha. Ananigeuza kitandani ubavu huu na ule. Hana mali wala mama, ana fahari moja tu duniani, nayo ni kuwa mjukuu wa mtu aliyesamehe. Walipomtania madrasa kuwa ni yatima, alikuwa akiwajibu kwa hilo. Ule ujumbe anaokutumia, ambao wallahi sikuujua, anauandika akiwa amesimama juu ya msamaha wangu. Nikiuondoa ataanguka wapi?

Na nitasema na lile jingine, kwani barua hii haina haja ya kunipamba. Nikimwambia, nani atanipa maji?

Ngoja nife. Kisha mwonyeshe barua zangu zote mbili.

Famau


Kapsabet
22 Aprili 2024

Mwalimu,

Maiti haulizwi swali. Raiyan atataka kuuliza.

Barua zako sitamwonyesha, ziwe mbili au kumi. Hiyo si kazi yangu. Ukinyamaza, tarehe kumi na nne itafika kama kawaida na mimi nitapokea ujumbe wangu kama kawaida.

Umenijibu kuhusu kisu, nashukuru. Nilisoma ile sehemu mara nyingi. Nilikuwa nimeita mara mbili, nakumbuka vizuri, na wewe umekubali kwamba niliita. Sikujua kuwa kitu kama hicho kinaweza kumfanya mtu mzima akae kwenye gari na kulia.

Kiptoo

Valary anakusalimu. Kwanza alikataa, halafu amerudi akasema niandike.


Ndau
20 Mei 2024

Bwana Kiptoo,

Mwandiko huu si wangu, utauona umenyooka. Mkono wangu haushiki kalamu tangu wiki iliyopita. Anayeandika ni Raiyan. Nimemwambia aandike kila neno kama ninavyolitamka, asiliruke na asinihurumie.

Raiyan, andika. Mtu ninayemwandikia si rafiki wa chuo. Ni Kiptoo, rubani.

Ameandika.

Andika kwamba mimi, Famau Bakr, nilifunga mkia wa ndege kwa mshipi wangu alasiri ya tarehe kumi na tatu, nami nilikuwa nimekatazwa. Andika kwamba asubuhi rubani alitaka kuikagua ndege, nikamshika mkono nikamgeuza. Andika kwamba pini aliitoa, nilimwona, na kwamba yeye alihukumiwa kwa pini nami nikasikia nikanyamaza. Yote hayo ameandika, kalamu inakwenda polepole lakini inakwenda. Ana hati nzuri, nilimfundisha mimi.

Andika kwamba nilikwenda mkiani kabla ya kumwendea mama yako.

Hapo aliiweka kalamu akatoka. Nilimwona kwa dirisha amesimama uani, kuku wakimzunguka miguuni wakidhani ana mtama. Kisha amerudi, na kwa kuwa sisikii, ameniandikia swali nyuma ya karatasi ya dawa: Alikuwa hai? Nimemwambia ndiyo. Nimemwambia na alilosema mama yake. Sasa ameichukua kalamu tena, na haya ninayoyasema anayaandika, uso wake umefunga sijui kuusoma.

Bwana Kiptoo, ulisema kweli. Alikuwa na swali.

Sina zaidi. Raiyan, nipe wino nitie kidole.

(alama ya kidole gumba)

Hapa chini ni maneno yangu. Nimeandika yote aliyoyasema, sikupunguza. Hakuniomba nimsamehe na mimi sikumwambia kitu. Nimempa dawa saa kumi na mbili kama kawaida.
Raiyan


Ndau
3 Juni 2024

Bwana Kiptoo,

Babu alifariki Jumatano, tarehe 29 Mei, saa nne asubuhi.

Tangu nilipokuandikia ile barua yake zilipita siku tisa. Siku hizo zote nilimwosha, nikamlisha, nikamgeuza, na sikumsemesha neno. Watu waliokuja kumjulia hali hawakutambua chochote, kwa sababu kila mtu anajua kuwa hasikii. Yeye alitambua. Alikuwa akinitazama mdomo. Siku ya mwisho nilimpa maji akanishika kidole, nikamwacha akishike. Sijui hilo ni jibu au si jibu. Nakwambia tu kama lilivyokuwa.

Watu walikuja wengi, mpaka kutoka Kiunga na Amu. Kwenye mazishi sheikh alimsifu. Alisema huyu ndiye mtu aliyesimama kesho ya kumzika mwanawe akamsamehe rubani. Kisha akauliza, kama iulizwavyo kwetu kabla ya watu kutawanyika, kama yuko mtu anayemdai marehemu, ajitokeze. Wanawake hatuendi makaburini, lakini nilijua swali hilo litaulizwa, na asubuhi nilikuwa nimemwita mjomba wangu Idris nikampa karatasi. Alinigombeza. Alisema maiti husitiriwa, na kwamba nataka kumvua babu yangu sanda hadharani. Nilimwambia sikuitunga mimi, Babu mwenyewe ndiye aliyeniandikisha, na nikamwonyesha kidole chake chini ya karatasi hiyo, nakala ya barua yako niliyoiweka. Alikaa nayo ukumbini, akanawa uso, akaitia mfukoni.

Waliokuwako huko wamenisimulia. Sheikh alipouliza, Mjomba Idris akasema, "Yuko mmoja anayemdai, na hayuko hapa." Wakamuuliza ni nani. Akasema, "Ni yule rubani." Kisha akaisoma karatasi yote. Waliporudi, wengine hawakuingia kwetu kula, wakapita moja kwa moja kwenye boti. Bado sijui nitaishije hapa. Hilo si juu yako.

Ndani ya kibweta cha miwani yake nilikuta mshipi. Umekatwa vipande, ila fundo hakuligusa, liko kama alivyolipiga. Nimekuwekea katika bahasha hii kwa sababu naona ni lako.

Mwaka huu ule ujumbe sitakutumia. Kwa ile miaka minne sijui niseme nini. Nilikuwa nautuma nikiwa nimekaa miguuni pake, naye akiniuliza, "Waandikia nani?" Namwambia, "Rafiki."

Sheikh amenituma nikuulize, kwa kuwa mdai hana budi kusema moja kati ya mawili. Unamsamehe, au unamdai?

Raiyan Thuwaiba


Kapsabet
14 Juni 2024

Raiyan,

Pole kwa msiba. Fundo limefika, liko mezani mbele yangu. Nimejaribu kulifungua nikashindwa, Valary naye amejaribu kwa sindano ameshindwa. Babu yako alijua kufunga.

Kuufunga ule mkia nimemsamehe. Alifanya kama mnavyofanyiana huko, na mimi ningekuwa nahodha ningemwombea dua. Kunishika mkono nimemsamehe. Angekuwa binti yangu anavuja damu, ningemsukuma rubani kwa mabega. Lakini niliita mara mbili nikiwa nimening'inia, akanisikia. Na alinipapasa mgongo. Hayo mawili nimekaa nayo tangu asubuhi, neno halitoki. Ningeweza kuliandika tu, ni neno fupi, lakini utalipeleka kwa sheikh na kwenye kaburi lake, na nyumba yenu imeshapokea msamaha mmoja wa uongo.

Kisha kuna zile sekunde tano ambazo sikuuvuta usukani. Hizo ni zangu, na wa kunidai ni wewe. Hujanidai katika barua yako. Usinijibu kwa haraka.

Leo nilipotoka niliufunga mlango, nikarudi mara moja. Moja tu. Valary alikuwa dirishani, hakusema kitu.

Mwambie sheikh kwamba jibu bado. Na wewe niulize tena mwakani, tarehe ile ile.

Kiptoo